Ngangari, ngunguri na nguvu kwa nguvu

Kuna maneno ya Kiswahili ambayo hayakubali kiambishi hata ukiyabembeleza. Ngangari ni mojawapo. Mtu yuko ngangari, watu wako ngangari, chama kiko ngangari, na neno halisogei hata kidogo. Husikii "wangangari" wala "kingangari". Liko kwenye kundi la kina kidete na imara, maneno yanayoingia kwenye sentensi na kusimama pale yalipo. Ukitaka kutania unaweza kusema ngangari yenyewe iko ngangari mbele ya sarufi.

Sikioni linakaa jirani na kung'ang'ania. Ukilitamka kwa nguvu, ng ya kwanza na ya pili zinakubana kooni na kidevu kinapanda chenyewe. Kwa hiyo ni neno la mwili: miguu imekaza, kifua mbele, macho hayapepesi. Linakueleza vizuri sana mtu amesimamaje. Halikuelezi amesimama kwa ajili ya nini, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Walio na umri wa kukumbuka uchaguzi wa mwaka 2000 wanajua neno hili lilivyotapakaa. Chama cha Wananchi, CUF, kililifanya kauli yake. Mkutanoni mtu akiuliza hali, jibu ni ngangari. Lilivuka bahari kutoka Zanzibar likaingia Tanga mjini, ambako chama kilikuwa na wafuasi wengi, halafu likapanda mlima. Mimi wakati huo nilikuwa sekondari Lushoto, na naweza kusema kwamba neno lilipofika Soni lilikuwa limeshaacha siasa bondeni. Utingo wa basi la Mombo yuko ngangari na nauli yake. Mama wa kabichi sokoni ukimwomba apunguze anakwambia bei iko ngangari. Kwenye mpira, beki asiyepitika ni ngangari. Tulilipenda kwa sababu lilikuwa jipya mdomoni na lilimfanya mtu ajisikie mkubwa kuliko alivyo.

Kisha likaja jibu. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Omar Mahita, akasema wao wakiwa ngangari, polisi ni ngunguri. Nchi nzima ikacheka, na lazima tukiri kwamba kwa upande wa lugha lilikuwa jibu la fundi. Amebadilisha irabu tu. A ikawa u, sauti ikashuka kutoka kifuani kwenda tumboni, na papo hapo unasikia ngurumo, unasikia kitu kizito kinachokuja. Ngunguri haikuwa na maana yoyote ya kamusi. Maana yake ilikuwa: chochote ulicho, mimi ni hicho hicho na zaidi.

Uchaguzi ulifanyika Oktoba 29, 2000. Visiwani ulivurugika, majimbo 16 yakarudia kura wiki iliyofuata, na CUF ikayakataa matokeo. Mwezi Januari 2001 chama kikaitisha maandamano ya tarehe 27, serikali ikayapiga marufuku, na watu wakatoka hivyohivyo. Risasi zilipigwa Unguja na zaidi Pemba. Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Shirika la Human Rights Watch lilisema waliokufa hawakupungua 35, na waliojeruhiwa wakazidi 600. Watu kama 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Ilikuwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, kutoa wa kwake kwa wingi namna hiyo.

Baada ya hapo ngangari na ngunguri hazikuchekesha tena, angalau si kwa namna ile.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu nimekuwa nikirudia kumsoma Steven Feierman, mwanahistoria wa Kimarekani aliyeishi Usambara miaka ya 1960 akijifunza historia ya Washambaa kwa wazee wenyewe. Ana vitabu viwili vinavyotuhusu, kimoja cha 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa na kingine cha 1990 kuhusu wakulima kama watu wenye fikra zao za kisiasa. Ndani yake kuna maneno matatu ya Kishambaa ambayo sisi tulioyakuta nyumbani tuliyapita tu bila kuyatazama. La kwanza ni kubana shi, kuidhuru nchi. La pili ni kuzifya shi, kuiponya nchi. La tatu halihitaji mkalimani kwa Mswahili yeyote: nguvu kwa nguvu.

Shi kwa Kishambaa ni ardhi na ni nchi pia, udongo na watu wake kwa pamoja. Mfalme wa Vugha, Simbamwene, alikuwa na nguvu za mvua. Mvua ikija kwa wakati na mahindi yakakomaa, ameizifya shi. Ukame ukiingia, ameibana. Sasa nguvu kwa nguvu ndiyo hali mbaya kuliko zote: wenye uwezo wawili wamelingana, hakuna anayemshinda mwenzake, kila mmoja anatumia uwezo wake kumharibia mwingine. Huyu anaita mvua, yule anaifunga. Katika fikra hiyo, wakubwa wawili wakiwa hivyo haijalishi nani ana haki. Njaa itakuja. Nchi itapona pale tu nguvu moja itakapotawala, au upande mmoja utakapokubali kuweka chini.

Msomaji wa leo anaweza kusema hii ni falsafa ya kuwabeba wafalme. Ni kweli kiasi. Wakilindi waliitumia vizuri sana hoja kwamba bila mtawala mmoja mwenye nguvu nchi itakufa, na watawala wa kila zama wanaipenda hoja hiyo. Lakini ilikuwa na makali ya upande wa pili. Ilimpa mkulima kipimo. Mfalme hakupimwa kwa ukali wake wala kwa ukoo wake tu, alipimwa kwa ghala la mahindi. Mtu wa kawaida aliweza kusema, tena kwa sauti, kwamba huyu anaibana nchi.

Na Wakilindi wenyewe walianza kwa kukataa amri. Mbegha, babu yao, kwa mujibu wa simulizi alizaliwa Ngulu akiwa kigego, mtoto aliyetanguliza meno ya juu, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuishi. Aliishi, akakimbia, akawa mwindaji wa nguruwe, akapanda Usambara na nyama yake, akaua simba, akafanywa mfalme. Ukoo wa kifalme ulioanzishwa na mtu aliyekataa kufa alipotakiwa kufa! Habari hizi zimeandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na wamisionari wa Magila kwa sehemu, kuanzia miaka ya 1890, kisha kikatolewa tena mwaka 1962 chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Kama unapenda nathari ya Kiswahili ya zamani na hujakisoma, kitafute. Ni mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya nathari ndefu tulivyonavyo, na mwandishi wake aliyajua mabaraza ya Wakilindi kwa kuyaona, hakuhadithiwa tu.

Huko ndiko utakakolikuta neno Kiva.

Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyeuongoza ufalme ulipofika upeo wake, alifariki mwaka 1862 akiwa mzee sana. Krapf alimtembelea mara mbili, 1848 na 1852, na alikuta utawala uliofika kutoka milimani hadi karibu na pwani. Baada yake kiti alikipata mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini mwanawe Kimweri, Semboja, alikuwa Mazinde, chini kabisa kwenye njia ya misafara, palipokuwa na bunduki, baruti na wafanyabiashara. Mpaka hapo mlima ndio uliokuwa na nguvu. Tangu hapo tambarare ikawa na nguvu, kwa sababu bunduki zilipita tambarare. Semboja akaipiga Vugha na Shekulwavu akakimbilia upande wa Bonde.

Nguvu kwa nguvu, basi. Na katika kutafuta watu wa kumrudisha, Shekulwavu akafanya jambo ambalo babu zake wasingelithubutu: akawaruhusu Wabondei, raia wa kawaida, wawainukie Wakilindi. Mwinuko huo, mwishoni mwa miaka ya 1860, ndio ulioitwa Kiva. Wabondei walikuwa na machungu ya siku nyingi kwa watoto wa mfalme waliowekwa juu yao, na ruhusa ilipotoka hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Wakilindi wakauawa, wengine wakafukuzwa, na Bonde likatoka mikononi mwa Vugha.

Ukitaka watu ngangari katika historia ya eneo letu, hawa ndio. Hawakuficha kitu. Walikuwa wengi, walikuwa na sababu, na walishinda kwa maana ya kwamba watawala waliondoka. Lakini angalia kilichofuata kwa shi. Semboja akamweka mwanawe Vugha, ndugu wa Shekulwavu wakaendelea na vita vyao baada ya yeye kufa, na kwa zaidi ya miaka 20 watu wakawa wanatekwa na kuuzwa utumwani. Vita vililisha biashara ya watumwa na biashara ya watumwa ikanunua bunduki za vita. Wazee waliomsimulia Feierman miaka 100 baadaye walikuwa bado wanaiita hali ile nguvu kwa nguvu. Mjerumani alipofika miaka ya 1890 alikuta nchi iliyochoka. Alimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mwaka 1895, na akaijenga Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto yetu.

Siwalaumu Wabondei. Mtu aliyekaa kwenye kiti chake na kompyuta hana ubavu wa kumfundisha aliyenyang'anywa mtoto namna ya kukasirika. Ninachosema ni kwamba Washambaa waliyatazama haya yote wakabaki na msamiati ambao hauulizi nani alikuwa jasiri. Unauliza nchi ikawaje.

Sasa twende Mlalo, maana huko kuna ukataaji wa aina nyingine kabisa.

Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na miaka ya 1950 ukasambazwa sehemu nyingine za Usambara. Tatizo lilikuwa la kweli. Watu walikuwa wameongezeka, miteremko imelimwa, udongo unashuka na mvua. Wataalamu hawakuwa waongo katika hilo. Dawa yao ilikuwa amri: kila mwenye shamba achimbe matuta, miteremko mikali isilimwe, mifugo idhibitiwe. Machifu wakapewa kazi ya kusimamia, na asiyechimba anapelekwa baraza kulipa faini, akikosa anafungwa.

Nani alichimba? Wanaume wengi walikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Korogwe na Tanga wakitafuta kodi. Jembe lilikuwa mkononi mwa mwanamke. Mwanamke huyohuyo ana mtoto mgongoni, ana kuni, ana maji ya kupandisha kutoka mtoni, na sasa anaambiwa ageuze mteremko mzima kuwa vikuta vya udongo. Lakini kazi peke yake haikuwa kisa chote, na hapa Feierman anasaidia sana. Usambara mtu maskini aliishi kwa kuazima. Kama huna shamba la kutosha unaazima kipande kwa jirani kwa msimu, na baada ya mavuno ng'ombe wa yeyote huingia kula mabua. Matuta yalivunja vyote viwili. Ng'ombe akiingia anayabomoa. Na shamba lililochimbwa matuta kwa jasho halirudi kuwa la kuazimana kirahisi, linaanza kuwa mali. Maskini akaona kwamba udongo ukiokolewa hivyo, yeye ndiye atakayekokolewa.

Kwa Kiswahili cha baraza, aliyekataa aliitwa mkaidi. Ukaidi ni neno la mtu aliye juu. Mama humwambia mtoto, mwalimu mwanafunzi, bwana shamba mkulima. Mpaka leo ukisikia mtu "amekaidi" unajua kuna amri na unajua imetoka wapi. Methali zetu zimempangia mkaidi mwisho wake mapema: hafaidi hadi siku ya Idi. Sikio la kufa halisikii dawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sijui lugha nyingine iliyomwandalia asiyetii msiba wa aina nyingi kama yetu.

Hao wakaidi wa Mlalo hawakusimama ngangari. Hakuna aliyetoa kifua. Walichimba matuta mafupi pembeni mwa njia ambako bwana shamba angepita. Walichelewa. Walilipa faini, wakarudi shambani, wakaacha. Walikwenda kwa wingi barazani kulalamika, wanawake wakiwamo, kisha wakarudi nyumbani kupika. Na hoja yao waliisema kwa lugha ambayo machifu waliielewa vizuri kuliko walivyotaka: matuta haya yanaibana shi. Chifu anayesimamia matuta anaibana shi. Hebu fikiria uzito wa kumwambia hivyo Mkilindi, ambaye uhalali wake wote wa kukaa pale ni kuiponya.

Mwingereza angeweza kupambana na ngangari. Alikuwa na polisi. Uluguru, mwaka 1955, mambo kama hayahaya ya matuta na ngazi za milimani yalifika kwenye ghasia, polisi wakapiga risasi na mtu akafa. Usambara haikufika huko. TANU ilipopanda mlima katikati ya miaka ya 1950 iliwakuta watu wameshagoma bila kutumia neno kugoma, na haikuhitaji kuwafundisha kitu zaidi ya kadi ya chama. Mwishoni mwa muongo huo amri ya matuta ikafa. Miaka michache baada ya Uhuru, mwaka 1963, uchifu nao ukafutwa kisheria.

Je, udongo? Udongo uliendelea kushuka. Hili halisemwi sana kwenye hadithi za ushujaa, lakini mtu wa Lushoto hawezi kuliruka, maana ukipita Soni baada ya mvua kubwa unaona rangi ya mto. Miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine, SECAP, kwa fedha za Wajerumani, safari hii kwa kuwashawishi watu wapande majani ya malisho na miti kwenye mikinga. Wengine walikubali, wengine wakachukua majani wakaacha miti. Ukimwuliza bibi wa Mlalo aliyeishi enzi zile kuhusu matuta, anaweza kukujibu kwa kicheko, hasa siku hizi ambapo matuta ni yale ya barabarani yanayopasua shokomzoba.

Nikirudi kwenye ngangari na ngunguri: ukimsomea mzee wa Vugha wa karne ya 19 magazeti ya mwaka 2000, nadhani asingeuliza nani yuko upande wa haki, ingawa swali hilo lina jibu na watu walikufa wakilidai. Angesikia maneno mawili yenye umbo moja, uzito mmoja, kila moja likijibu lingine, na angesema hii tunaijua. Lugha yenyewe ilishatangaza kwamba pande mbili zimelingana na hakuna atakayeweka chini. Mimi ninaamini kudai kura yako ni haki, na aliyeamuru risasi hawezi kujificha nyuma ya mchezo wa maneno. Lakini neno tulilolishangilia halikuwa na nafasi ya kudai chochote ndani yake. Halikusema kura, halikusema mkate, halikusema mtoto wangu arudi. Lilisema nimesimama. Na kwa neno la namna hiyo ni rahisi sana mwenye bunduki kujibu: hata mimi.

Waliosema kitu kingine walikuja baadaye. Oktoba 2001 vyama viwili vilitia saini muafaka. Ulichechemea. Mwishoni mwa 2009 Rais Amani Karume na Seif Sharif Hamad wakakutana, na neno lililotoka hapo likawa maridhiano. Kura ya maoni ya Julai 2010 ikaleta serikali ya umoja wa kitaifa, Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Muafaka na maridhiano hayawezi kupigiwa kelele kwenye mpira. Jaribu uone, hayana mdundo. Na wapo Pemba ambao mpaka leo wanauliza muafaka ulimrudisha nani, nami sina ujasiri wa kuwaambia wanyamaze.

Ngangari yenyewe imezeeka na imepoa. Vijana wana kauzu, wana kukomaa, wana kaza. Nikilisikia sasa, mara nyingi linasemwa juu ya wazee: babu ana miaka 90 na bado yuko ngangari, anapanda mwenyewe hadi shambani na jembe begani. Hapo linakaa vizuri. Majuzi nimelisikia likisemwa juu ya ukuta wa mawe wa kukinga maji huko juu ya Malindi, uliojengwa na mtu na mkewe bila amri ya yeyote. Mvua za masika zilipita, ukuta ukabaki.